Rufaa na hebiasi kopasi kwenye kesi za shirikisho Marekani: kuna anayeshinda kweli au tunaliwa hela tu?

Dada wa Mbele

Wakuu habari zenu. Niko Texas, mdogo wangu wa kiume kahukumiwa mahakama ya shirikisho, kesi ya utapeli wa kupitia simu na mitandao, alikiri mwenyewe mwaka jana akasaini dili na waendesha mashtaka. Kesho Alhamisi inatimia wiki mbili tangu jaji amsomee miezi 57. Sisi tulijua itakuwa 41 mpaka 51 maana ndio hesabu aliyotupa loya kutoka kwenye ile miongozo ya adhabu, tena tukawa tunaombea iwe chini ya hapo, jaji akasema waliotapeliwa ni wazee na hela yenyewe ilikuwa akiba ya uzeeni, akapandisha. Mama hapa nyumbani hali chakula.

Nilipomuuliza loya kuhusu rufaa akanijibu kwa meseji moja tu, ameshasaini kuachia haki ya rufaa, basi. Sasa kajitokeza jamaa mmoja, sio wakili, anajiita mtaalamu wa mambo ya baada ya hukumu, anataka dola 12,000 aandike hebiasi kopasi, yaani ombi la kupinga kifungo baada ya hukumu, na anasema watu 8 kati ya 10 anaowaandikia wanatoka. Na kingine, dogo ana grinikadi tu hajawa raia, kuhusu uhamiaji loya alimwambia kwa meseji hayo tutayaangalia baadaye.

Naomba wenye uzoefu mniambie ukweli hata kama unauma, uwezekano wa kushinda ukoje? Tuuze gari tutoe hiyo hela au tukubali yaishe? Nawasilisha.

Kisu Butu

Dada pole sana ila umesema ukweli hata kama unauma haya shika. Huku zaidi ya watu 90 kati ya 100 wanaohukumiwa mahakama za shirikisho wamekiri wenyewe, na aliyekiri ameshajifungia milango karibu yote. Wanaokata rufaa, mahakama ya rufaa inatengua chini ya kesi 10 kati ya 100. Hebiasi ndo usiseme. Huyo wa 8 kati ya 10 kama angekuwa anasema kweli vyuo vya sheria vyote vingekuwa vinamsoma yeye. Usiuze gari, utalihitaji kwenda kumtembelea.

Mtoka Kambini

Kisu Butu punguza kidogo, mama hali kule.

Dada achana na asilimia kwanza tuhesabu siku. Rufaa ya jinai mahakama za shirikisho unapewa siku 14 tu kuweka notisi, siku kumi na nne sio mwezi, na wewe unasema kesho inatimia wiki mbili. Acha kila kitu. Dogo ameshamwambia loya kwa mdomo wake au kwa maandishi kwamba NATAKA KUKATA RUFAA? Sio wewe dada yake, yeye. Maana haki ni yake, wewe ukituma meseji mia loya anaweza asijibu hata moja na hajakosea kitu.

Kuna kesi ya Garza, mahakama kuu ya Marekani, ile ya juu kabisa, iliamua 2019, ilitokea Idaho. Jamaa alisaini kuachia rufaa kama huyo dogo, akamwambia loya weka notisi, loya akagoma akisema si umeshaachia. Mahakama ikasema hapana, mteja akikuagiza unaweka, kuachia rufaa hakujafunga kila kitu, na loya akigoma mteja anarudishiwa rufaa yake bila hata kuthibitisha kwamba angeshinda. Kwa hiyo dogo amwagize, na amwagize kwa karatasi yenye tarehe.

Na kama loya hapokei simu dogo mwenyewe aandike, barua fupi tu kwa karani wa mahakama, jina, namba ya kesi, nakata rufaa dhidi ya hukumu na adhabu, sahihi. Aliyefungwa barua yake inahesabika imefika siku aliyoikabidhi kwa askari wa gereza kwa ajili ya posta ya kisheria, sio siku karani aliyoipokea, hiyo ni ya kesi ya Houston na Lack 1988. Aandike chini kabisa nimekabidhi tarehe fulani nikiwa nimelipia posta, na aape kwamba ni kweli.

Najua haya kwa sababu nimekaa miezi 70 na kitu na nilikuwa kila jioni niko maktaba ya sheria ya gereza, taipureta zilikuwa tatu, moja haina herufi R, utepe unanunua mwenyewe dukani la ndani. Nilitaipu ombi langu la 2255, ndo hiyo hebiasi ya wafungwa wa shirikisho, kwa miezi miwili, nikalipeleka nikajua Krismasi nakula nyumbani. Nikasubiri miezi 11. Jibu likaja kurasa nne na mstari wa mwisho unasema kibali cha kukata rufaa pia kimekataliwa, nilisoma nimesimama kwenye foleni ya barua sikuweza hata kwenda kukaa.

Jamaa niliyekuwa nalala naye chumba kimoja yeye ALISHINDA la kwake. Loya wake aliagizwa aweke notisi hakuweka. Kambi nzima tulimshangilia. Unajua alipata nini? Alipata ruhusa ya kukata rufaa aliyoikosa. Akakata. Akashindwa. Akamaliza kifungo chake chote pamoja na mimi. Kwa hiyo mtu akikwambia fulani ameshinda muulize ameshinda nini.

Dada wa Mbele

Mungu wangu hizo siku 14 hakuna aliyeniambia. Dogo yuko jela ya kaunti bado hajapelekwa gereza lake, simu anapiga jioni. Nikimwambia leo atawahi?

Faili Namba

Atawahi, na vuta pumzi kidogo. Nafanya kazi ofisi ya mawakili wa rufaa, mimi sio wakili, nasoma makaratasi tu kutwa nzima, kwa hiyo haya sio ushauri wa wakili. Siku 14 hazianzi siku jaji aliyosoma adhabu kwa mdomo, zinaanza siku hukumu ya maandishi ilipoingizwa kwenye daftari la kesi, na mara nyingi inachelewa siku kadhaa. Ingia PACER, ule mtandao wa mafaili ya kesi za mahakama za shirikisho, tafuta namba ya kesi, angalia hukumu imeingia lini. Lakini fanyeni kama vile mwisho ni kesho. Hata mkipitwa jaji anaweza kuongeza mpaka siku 30 kwa sababu ya maana, ila hiyo ni huruma yake msiitegemee.

Tena kanuni za mwenendo wa jinai, ya 32, zinasema mshtakiwa akimwomba karani amwandalie notisi ya rufaa karani lazima aiandae na kuiweka hapohapo. Haihitaji dola 12,000. Haihitaji hata loya. Ada ya rufaa ni dola 605 na kama hana uwezo anajaza fomu ya hali ya kifedha, mahakama inampa wakili wa rufaa wa kulipwa na serikali, na wengi wao ni wazuri kuliko hawa wa matangazo.

Sasa kuhusu uwezekano maana ndo swali lako. Watu wanachanganya vitu vitatu kwenye sufuria moja. Kuna rufaa yenyewe, majaji watatu wanasoma kilichoandikwa kwenye kumbukumbu za kesi basi, hakuna shahidi mpya, na mara nyingi hakuna hata kusimama mbele yao, ni karatasi tu. Kuna 2255, hiyo ndo watu wanaita hebiasi kwa mfungwa wa shirikisho, inarudi kwa jaji yuleyule aliyekuhukumu, na hapo ndo unaleta mambo ambayo hayamo kwenye kumbukumbu, kama loya alikwambia nini mkiwa wawili. Halafu kuna 2254, hiyo ni ya waliofungwa na majimbo, sio ya dogo kabisa. Zile takwimu za kutisha unazoziona mtandaoni zinatoka huko. Kuna utafiti ulitoka 2007, wa watu wa Vanderbilt na kituo cha kitaifa cha mahakama za majimbo, walichukua maombi 2,384 ya wafungwa wa majimbo wasio wa adhabu ya kifo, walioshinda hawakufika 10. Kwenye adhabu ya kifo ilikuwa kama mmoja kwa kila wanane. Ukiona pengo hilo jiulize kwa nini: wa adhabu ya kifo wana mawakili wanaolipwa na wachunguzi, wale wengine wengi wanataipu wenyewe kwenye mashine isiyo na herufi R.

Sheria iliyobana yote haya ni ya 1996, Clinton aliisaini mwaka mmoja baada ya lile bomu la Oklahoma City. Ndo ilileta mwaka mmoja wa kuweka 2255, na ndo ilisema ya pili huweki mpaka mahakama ya rufaa ikuruhusu, na haikuruhusu mpaka uwe na ushahidi mpya mzito au kanuni mpya ya katiba ambayo mahakama kuu imesema inarudi nyuma mpaka kesi za zamani. 2023 kwenye kesi ya Jones na Hendrix wakafunga na kichochoro kilichokuwa kimebaki. Maana yake nini kwa dogo? Risasi ni moja. Huyo mtaalamu akikuandikia ombi la kunakili na kubandika likatupwa, umeshaichoma risasi yako kwa dola 12,000. Hicho ndo kinachoniuma, hela mtaipata tena.

Nataka kitu kimoja kutoka kwako. Hiyo dili aliyosaini, tafuta kifungu cha kuachia rufaa unisomee neno kwa neno, hasa baada ya neno isipokuwa.

Kisu Butu

Faili Namba umeandika vizuri ila usimpe dada matumaini ya bure. Dili zote zinafanana, nimeona za ndugu zangu wawili.

Dada wa Mbele

Nimerudi. Dogo amepiga nimemwambia kaandika barua mbili, moja ya loya moja ya karani, ya karani kaikabidhi usiku huohuo na askari kampa risiti. PACER nimejisajili, hukumu imeingia Jumanne ya wiki iliyopita kwa hiyo leo ni siku ya 8, nimelia kwa furaha mnisamehe.

Dili nimeipata kwenye imeili ya zamani. Kifungu cha 9. Kwa Kiswahili changu inasema mshtakiwa anaachia haki ya kukata rufaa dhidi ya hukumu na adhabu, isipokuwa adhabu ikizidi kiwango cha juu cha miongozo kama itakavyokokotolewa na mahakama, na isipokuwa madai kwamba wakili hakumtetea ipasavyo. Nimesoma mara sita. 51 ndo ilikuwa juu si ndio? Na wamempa 57. Sasa huyu loya kwa nini aliniambia basi?

Faili Namba

Umeona. Kama jaji naye alikokotoa mwisho ni 51, mlango uko wazi na ulikuwa wazi siku zote, loya wenu ama hakusoma kifungu alichosainisha mteja wake au hataki kazi. Sijui ni lipi na sitaki kujua.

Ila sikiliza, mlango kuwa wazi sio kushinda. Tangu kesi ya Booker 2005 miongozo ni ushauri, jaji halazimiki kuifuata, na kesi ya Gall 2007 inasema mahakama ya rufaa iheshimu uamuzi wa jaji hata kama yenyewe ingetoa tofauti, mpaka iwe ametumia madaraka yake vibaya. Miezi 6 juu ya mstari, na jaji ametaja sababu, akiba za wazee, hapo majaji watatu wengi wataiacha ilivyo. Panapokuwa na nafasi ni kama jaji alikosea hesabu yenyewe ya miongozo, mfano ameweka hasara kubwa kuliko iliyothibitishwa, au amemwongezea daraja kwa kitu ambacho dogo hakufanya, au hakueleza sababu. Hapo ndo kesi zinarudi. Kwa hiyo wakili wa rufaa akipatikana aanze na ile ripoti ya afisa wa uangalizi iliyoandaliwa kabla ya adhabu na aone loya alipinga nini. Aliyepinga mahakamani anasikilizwa, ambaye hakupinga lazima aonyeshe kosa la wazi lililomdhuru, na hiyo ni ngazi ndefu. Afadhali kitu kimoja, kuna kesi ya Holguin-Hernandez ya 2020, imetoka hukohuko sakiti yenu ya 5, yaani kanda ya mahakama ya rufaa inayoshika Texas, mahakama kuu ikasema ukishaomba adhabu fupi mbele ya jaji inatosha kuhifadhi hoja kwamba aliyotoa ni ndefu mno, huhitaji kusimama tena kupinga baada ya kusomewa. Kama loya aliomba hata 41 tu, dogo amehifadhiwa hapo.

Mtu atakutisha kwamba akikata rufaa watamwongezea. Kama serikali yenyewe haijakata rufaa mahakama ya rufaa haiwezi kumwongezea miezi, hiyo ni Greenlaw 2008. Hatari ya kweli ni kwa wanaokata rufaa waliyoiachia. Sakiti ya 3 mwaka 2014 ilimrudisha mtu mmoja akahukumiwe upya kwa sababu alivunja dili aliyosaini, na serikali ikaruhusiwa kuondoa upendeleo iliokuwa imemwombea. Dogo akibaki ndani ya ile isipokuwa hajavunja kitu, ndo maana wakili asiingize hoja za nje ya hapo kwa ulafi.

Jirani wa Memphis

Mimi naomba niongelee uhamiaji maana naona mmepita juu juu na kwa maoni yangu hiyo ndo kubwa kuliko miezi 6. Utapeli wenye hasara ya zaidi ya dola 10,000 kwa sheria ya uhamiaji unahesabika kosa zito, mwenye grinikadi anaondolewa nchini na karibu hakuna utetezi. Dada hasara kwenye kesi ya dogo inazidi hapo? Kama wamesema akiba za wazee basi inazidi mbali.

Kesi ya Padilla ya 2010, Mhondurasi dereva wa lori, alikuwa jeshi la Marekani Vietnam, kakaa nchini zaidi ya miaka 40, loya akamwambia usiwe na wasiwasi umekaa muda mrefu, akakiri, kumbe anafukuzwa. Mahakama kuu ikasema loya ana wajibu kumwambia mteja kuhusu kuondolewa, na pale ambapo sheria iko wazi lazima amwambie wazi.

Halafu kuna Jae Lee, huyu alikuwa na mgahawa hapa Memphis, alikuja mtoto kutoka Korea Kusini 1982. Siku anakiri jaji alimwuliza hii inaweza kukufanya uondolewe nchini, je inabadilisha uamuzi wako? Akasema ndiyo. Jaji akamwuliza kivipi, akasema sielewi, akamgeukia loya, loya akamwambia hayo ni maneno ya kawaida wanasema kwa kila mtu. 2017 akashinda mahakama kuu, dili ikafutwa, ingawa ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito, kwa sababu alionyesha kubaki Marekani kwake kulikuwa muhimu kuliko muda wa jela. Naipenda sana hii kesi maana majibu yake kwa jaji yalikuwa kwenye transkripti, yaani maandishi ya kila kilichosemwa mahakamani, na yale maneno mawili matatu ya pale kizimbani yalimsaidia kubaki.

Kwa hiyo dada tafuta transkripti ya siku dogo alipokiri. Jaji anatakiwa amwambie kila asiye raia. Dogo alijibu nini? Na hiyo meseji ya tutaangalia baadaye ipo kwenye simu ya nani? Usiifute.

Kisu Butu

Hapo kwa Lee nakubali, ila maliza hadithi. Dili ikifutwa mtu anarudi sifuri, na mashtaka waliyoyaondoa wanaweza kuyarudisha yote. Dogo alikuwa na mashtaka mangapi mwanzoni? Kama yalikuwa 7 akakiri 1, akifuta dili anakaa tena mbele ya 7. Lee alikuwa tayari kwa hilo. Na kingine, akisema loya wangu hakuniambia, loya anaruhusiwa kujibu, siri ya wakili na mteja inafunguka kwenye hoja hiyo, anaweka hati ya kiapo anasema nilimwambia, na mimi nimeona jaji akimwamini loya. Kwa hiyo meseji ni dhahabu, maneno matupu hayana soko.

Faili Namba

Kisu Butu leo umenoa. Nyongeza tu, hii ya uhamiaji sio ya kwenye rufaa, ni ya 2255, mahakama kuu ilisema 2003 kwenye kesi ya Massaro kwamba hoja ya loya kutotetea vizuri unaileta huko hata kama hukuitaja kwenye rufaa. Na ile kanuni ya Strickland ya 1984 inataka mambo mawili, loya alifanya chini ya kiwango, NA kama asingefanya hivyo matokeo yangekuwa tofauti, kwa dogo maana yake asingekiri. Wengi wanaangukia la pili.

Mwaka mmoja unaanza hukumu ikiwa ya mwisho, mkikata rufaa mkashindwa na hamkwenda mahakama kuu zinahesabiwa siku 90 halafu ndo mwaka unaanza. Hamna haraka huko, rufaa iende kwanza, na 2255 muipe wakili anayejua uhamiaji na jinai vyote viwili. Hela ya gari itumike hapo kama itabidi.

Mtoka Kambini

Na dogo akifika gereza lake aulize maktaba iko wapi siku ya kwanza, na wakija vijana kumwambia wanaandika hebiasi kwa malipo ya stempu, hata moja ASISAINI. Mimi mwenyewe niliandikia watu nikiwa naamini najua.

Dada wa Mbele

Mrejesho wakuu. Mashtaka yalikuwa 4, alikiri 1, hasara waliyoandika ni dola 186,000. Meseji ya tutaangalia baadaye ipo, dogo alinitumia picha yake mwaka jana mwezi wa tano nami niliisahau kwenye simu, nimeihifadhi sehemu tatu. Yule mtaalamu wa 8 kati ya 10 nimemwambia anitajie namba za kesi tano tu alizoshinda nizitafute PACER, kanibloku.

Loya naye ghafla jana kapiga simu, eti anaweka notisi kama hatua ya tahadhari. Nimemwambia asante karani ameshaipokea ya dogo, yeye alete faili lote. Nimeiona leo asubuhi kwenye daftari la kesi, wameiskani kama ilivyo, mwandiko wa dogo ule wa kulala kushoto, mistari mitatu na sahihi, ukurasa mmoja, PACER wanachaji senti 10. Mama kaniambia nimprintie.